Daraja la Wainka: Pengo Lililojengwa Makusudi

Kabla ya kuishika njia ya kwenda kwenye daraja hilo, mgeni huandika jina lake na saa katika daftari la mlinzi. Akirudi, hutia saini tena. Akishatembea dakika chache anaelewa kwa nini. Njia ni nyembamba, imeng'ang'ania ubavu wa mlima. Mkono mmoja unagusa mwamba, na upande wa pili ni hewa tupu hadi bonde la mto Urubamba.

Hapa ni Machu Picchu, nchini Peru, mita 2,430 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji huo wa mawe ulijengwa na Wainka katika karne ya 15. Watalii wengi huishia kwenye mahekalu na matuta ya kilimo. Wachache hukata kushoto, kuelekea magharibi, kwenda kuona daraja.

Baada ya mwendo usiofika nusu saa, genge linajitokeza mbele, limesimama wima kama ukuta. Ubavuni mwake Wainka walipandisha ukuta wa mawe yaliyopangwa bila chokaa wala saruji, wakapitisha njia juu yake. Katikati wakaacha pengo la mita 6 hivi, ambalo leo limelazwa magogo. Chini ya pengo hilo, mtu akiteleza, safari ni ya mamia ya mita.

Kwa nini waache pengo, ilhali waliweza kuujenga ukuta mzima? Maelezo yanayokubalika ni ya ulinzi. Adui akija kwa njia hiyo, magogo yanavutwa ndani, na mji umefungwa. Mlango wenyewe ni genge. Magogo ni komeo.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini komeo hilo lilipaswa kuwa la mti. Bamba la graniti lenye urefu wa mita 6, upana wa nusu mita na unene wa sentimita 30 lina uzito wa zaidi ya tani 2. Nani angelivuta kwa haraka, amesimama kwenye ukingo kama ule? Isitoshe, kitu kilicholazwa juu ya pengo kikibebeshwa mzigo hubanwa upande wa juu na kuvutwa upande wa chini. Jiwe huvumilia sana kubanwa, lakini likivutwa hupasuka upesi. Nyuzi za mti huhimili yote mawili, na gogo la unene wa paja watu wachache hulibeba.

Palipokuwa na korongo pana kuliko urefu wa mti, Wainka waligeukia nyasi. Huko Q'eswachaka, katika mkoa wa Cusco iliko Machu Picchu pia, daraja la kamba za nyasi linavuka mto Apurímac kwa urefu wa karibu mita 28. Kila mwaka wanavijiji wa pande zote mbili husokota nyasi kuwa kamba nyembamba, kisha huzisuka pamoja kuwa kamba nene, na kulijenga upya. Mwaka 2013 UNESCO iliutambua ustadi huo kuwa urithi wa binadamu. Mwaka 2020 janga la korona lilizuia kazi hiyo, na 2021 daraja likaanguka. Mwezi Juni mwaka huohuo wakalisuka tena.

Hapo ndipo mgeni anayetazama magogo ya Machu Picchu anapopata la kuwaza. Katika mvua na ukungu wa milima ile, gogo halidumu karne tano. Mti anaoupiga picha umewekwa na mikono ya baadaye, na leo haruhusiwi kuukanyaga. Kilichobaki cha Wainka wenyewe ni mawe ya huku, mawe ya kule, na zile mita 6 za hewa walizoziacha kwa makusudi.