Kuzomea Nako ni Kusema

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Sisi tunaofundisha isimu tungeongeza jambo moja: si lazima ulimi utamke neno ndipo ujeruhi. Ushahidi ninao katika maisha ya uwanjani ya Adam Goodes wa Australia.

Kandanda ya Australia si hii tuliyoizoea. Huchezwa katika uwanja wa duara dufu, wachezaji 18 kila upande, na mpira wenye umbo la yai hudakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu. Goodes, ambaye mamake ni Mwaborijini, alizaliwa mwaka wa 1980. Alianza kuichezea Sydney Swans mwaka wa 1999 na akatuzwa kuwa chipukizi bora wa msimu huo. Aliitwaa Nishani ya Brownlow, ambayo ni tuzo ya mchezaji bora wa ligi, mwaka wa 2003 na tena 2006. Mwaka wa 2005 alikuwa katika kikosi kilichonyakua ubingwa ambao klabu hiyo ilikuwa haijauonja tangu 1933. Akaunyakua tena 2012.

Mei 2013, jijini Melbourne, msichana wa miaka 13 alimwita sokwe kutoka jukwaani. Goodes alimwonyesha kwa walinzi, naye akaondolewa. Kesho yake Goodes aliusihi umma usimwandame mtoto yule, bali umsaidie. Katika karne ya 19 walikuwapo wasomi wa Ulaya waliowapanga wanadamu kwa ngazi, wakawaweka Waaborijini chini kabisa, karibu na wanyama. Yamkini mtoto hakuijua historia hiyo. Neno lenyewe lilikuwa likiijua.

Mwaka wa 2014 Goodes aliteuliwa Mwaustralia Bora wa Mwaka, naye akaendelea kuukemea ubaguzi hadharani. Ndipo zomeazomea ilipomwandama. Mei 2015, katika mechi dhidi ya Carlton, alifunga bao akacheza ngoma ya vita ya Kiaborijini; tangu siku hiyo kelele zikazidi maradufu kila alipougusa mpira.

Baadhi ya waliozomea walijitetea kwamba hawakutaja rangi ya mtu. Eti waliuchukia uchezaji wake tu. Utetezi huu unastahili kujibiwa, kwani ni kweli kwamba zomeo halina nomino wala kitenzi, na shabiki ana uhuru wa kumzomea mpinzani. Hata hivyo, pragmatiki hutufunza kwamba maana haikai katika sauti pekee. Hukaa pia katika nani anaambiwa, lini, na baada ya tukio gani. Umati unapomzomea mtu yule yule wiki baada ya wiki, tangu alipokataa kutukanwa, huwa umesema sentensi kamili. Isitoshe, sauti isiyo na neno humpa msemaji maficho: akiulizwa, hukana.

Goodes aliomba mapumziko, kisha akastaafu Septemba 2015 baada ya mechi 372. Hakushiriki gwaride la kuwaaga wastaafu siku ya fainali. Juni 2019 ligi na vilabu vyote 18 viliomba radhi na kukiri kwamba aliandamwa kwa ubaguzi. Miaka minne ilikuwa imepita. Mwaka wa 2021 alikataa heshima ya kuingizwa katika orodha ya magwiji wa mchezo huo.

Walimu wenzangu, kuna madarasa yetu ambamo mwanafunzi husimama kusoma, lafudhi ya kwao ikamponyoka, na darasa zima likaguna. Hakuna tusi lililotamkwa, kwa hivyo mwalimu huendelea na somo. Mwanafunzi naye huketi, na muhula mzima hainui mkono tena. Mguno huo nao ni kauli. Tuusahihishe papo hapo kama tunavyosahihisha sarufi, na tuufanye hivyo kwa namna Goodes alivyotaka mtoto yule atendewe: kwa kumfunza aliyekosa, bila kumwangamiza.