Maji ya Mtoto Mchanga Yamo Kifuani mwa Mama

Katika Mkoa wa Kigoma hakuna mtu asiyejua thamani ya maji. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita zipatazo 1,470, na duniani kote ni ziwa la Baikal peke yake lililizidi. Maji yake ni maangavu, hata mtu aliye katika mtumbwi aweza kuona mawe yaliyo chini mbali sana. Ndiyo maana si kazi rahisi kumwambia mama wa Ujiji, wa Katonga au wa Kibirizi ya kwamba kijiko kimoja cha maji hayo chaweza kumwua mtoto wake.

Walakini neno hilo twalisema leo, tena twalisema waziwazi. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 6 asipewe maji. Asipewe maji ya ziwa, wala ya kisima, wala ya bomba. Asipewe yaliyochemshwa wala yasiyochemshwa. Asipewe uji mwepesi, wala chai, wala maziwa ya ng'ombe. Apewe maziwa ya mama yake basi, usiku na mchana, kila atakapo. Na dawa apewe ile tu aliyoandikiwa na tabibu.

Twajua ya kwamba wako watakaotuuliza: Je, mnataka watoto wetu wafe kwa kiu? Jua la Kigoma mwezi wa Septemba mnalijua ninyi? Swali hilo ni la haki, na halikutoka katika ukatili bali katika huruma. Bibi amwonaye mjukuu wake akilia wakati wa joto hutaka kumtuliza, naye humpa kile ambacho yeye mwenyewe angekitaka, yaani maji. Hatumlaumu bibi huyo. Twataka ajue jambo moja tu ambalo wataalamu wamelipima na kulithibitisha: katika kila sehemu 100 za maziwa ya mama, sehemu kama 88 ni maji. Mtoto anyonyapo anakunywa na kula kwa wakati mmoja. Jua likizidi atanyonya mara nyingi zaidi, na kiu yake itakwisha. Kwa hiyo mtoto hanyimwi maji, la hasha. Maji yake yamo kifuani mwa mama, yamekwisha kuchujwa, na hayakupita katika ndoo ya mtu yeyote.

Tena yafaa ifahamike kwamba tumbo la mtoto aliyezaliwa jana ni dogo sana. Ukilijaza maji, maziwa yatakaa wapi? Mtoto aliyeshiba maji hanyonyi. Na titi lisilonyonywa hupunguza maziwa yake, kwa kuwa titi hutoa kwa kadiri linavyoombwa. Hapo ndipo mama huanza kusema, "Maziwa yangu hayatoshi," naye huongeza uji, na maziwa huzidi kupungua. Figo za mtoto mchanga nazo bado ni dhaifu, na maji mengi huweza kuizimua chumvi ya damu yake hata akapatwa na degedege.

UANGAVU SI USAFI

Ziwa letu ni zuri, lakini uangavu wa maji si usafi wake. Vijidudu vya kipindupindu na vya kuhara havionekani kwa macho. Katika ufuko ule ule ambako mmoja ateka maji ya kunywa, wa pili afua nguo, wa tatu aosha vyombo, na watoto waoga. Na mvua inyeshapo hukokota uchafu wote wa milimani na kuushusha ziwani.

Mwaka 2015 tuliliona jambo hili kwa macho yetu. Makumi ya maelfu ya ndugu zetu wa Burundi walikimbia machafuko ya nchi yao wakafika Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya mlima na ziwa karibu na mpaka. Vyoo havikutosha, na maji ya kunywa yalikuwa ni yale ya ziwa. Mwezi wa Mei kipindupindu kiliingia. Meli ya Liemba, ile ile iliyoundwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, ilikwenda na kurudi ikiwachukua watu kuwaleta Kigoma ili wapelekwe kambi ya Nyarugusu. Watu wapatao 3,000 waliugua, na zaidi ya 30 wakafa. Maji yaliyowalaza wale watu wazima yalikuwa maangavu. Je, mtoto wa mwezi mmoja ana nguvu gani mbele yake?

MAMBO YA KUACHWA

Lipo jambo la dang'a. Wako wanaoyakamua na kuyamwaga maziwa yale ya kwanza, mazito na ya manjano, wakidhani ni machafu. Hasara hiyo haina kifani! Dang'a ndiyo chanjo ya kwanza ya binadamu, na mtoto apaswa kuwekwa kifuani kabla ya saa moja kupita tangu azaliwe. Yapo pia maji ya sukari, dawa za chango, na zile chupa za dawa ya tumbo zinazouzwa madukani. Mtoto mchanga kulia si lazima awe na chango. Pengine ataka kunyonya, pengine ataka kubebwa tu. Akilia bila kunyamaza, apelekwe zahanati.

Kadhalika liko neno la kubemenda. Mama mwenye kunyonyesha akipata mimba nyingine huambiwa maziwa yake yameharibika, na mtoto huachishwa siku hiyo hiyo. Maziwa hayaharibiki kwa mimba. Afadhali wazazi wapange uzazi wao kwa msaada wa wauguzi, kuliko kumwadhibu mtoto asiye na kosa.

Wengine hudhani ya kwamba mama mwenye virusi vya UKIMWI asinyonyeshe kabisa. Ushauri wa leo sio huo. Mama huyo akimeza dawa zake kila siku bila kukosa, na akamnyonyesha mtoto maziwa yake peke yake kwa miezi 6, hatari huwa ndogo sana. Kumchanganyia maziwa na vyakula vingine katika miezi hiyo ndiko kunakozidisha hatari. Naye apime mtoto kwa tarehe anazopewa kliniki.

Kuhusu maziwa ya kopo, ulimwengu ulikwisha kuonywa zamani. Mwaka 1939, huko Singapore, daktari Cicely Williams alisimama mbele ya watu wakubwa akasema kwamba kuwashawishi akina mama waache kunyonyesha ni sawa na kuua. Ilichukua zaidi ya miaka 40 kabla ya mataifa kukubaliana. Mwezi wa Mei 1981 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha kanuni za kuzuia matangazo ya maziwa hayo: nchi 118 ziliunga mkono, na Marekani peke yake ikapinga. Nchi yetu ilitunga kanuni zake mwaka 1994, ikazitengeneza upya mwaka 2013. Sababu ni wazi. Unga wa maziwa wataka maji safi, kuni za kuchemshia, na fedha kila wiki; fedha zikipungua, mama huongeza maji. Na chupa yenye chuchu ya mpira ni nyumba ya vijidudu. Iwapo mama amefariki, au tabibu ameamuru maziwa mengine, mtoto anyweshwe kwa kikombe kisicho na pembe wala mfereji, kikioshwa kwa sabuni na kuchemshwa.

NANI AMLISHE MAMA?

Sasa twaingia katika kiini cha maneno yetu. Ni rahisi kumwamuru mama anyonyeshe mara nane au kumi kwa siku. Lakini mama huyo ni nani? Ni yule aamkaye alfajiri wakati mitumbwi irudipo na taa zake, akanunua dagaa, akawaanika mchangani, akawageuza juani, akawafukuza ndege, kisha akaenda shambani kupalilia muhogo. Mtoto humwacha nyumbani kwa dada yake wa miaka 8 pamoja na kikombe cha maji. Kikombe hicho hakukiweka mama kwa ujinga. Amekiweka kwa sababu hakuna aliyempunguzia kazi.

Mwanamke aliyeajiriwa analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: siku 84 za likizo ya uzazi kwa malipo, na siku 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, kisha arudipo kazini apewe nafasi ya kunyonyesha hata saa mbili kwa siku. Mwanika dagaa wa Katonga hana mwajiri. Sheria yake ni mume wake, mama mkwe wake na jirani zake. Basi wao ndio twawaambia: mbebeeni maji, mpunguzieni jembe, mpeni samaki na mboga kabla ninyi hamjala. Mtoto aende na mama yake ufukoni, akae kivulini. Ikiwa haiwezekani, mama akamue maziwa kwa mikono safi, ayaweke katika kikombe chenye mfuniko, mahali pa baridi, na mlezi amnyweshe mtoto kabla ya saa 4 kupita.

Hapo ndipo maji yaliyochemshwa yana kazi yake: anywe mama. Yanawishe mikono ya kila amshikaye mtoto.

AKIHARISHA, NA AKITIMIZA MIEZI 6

Mtoto akiharisha asiachishwe ziwa hata saa moja, anyonye zaidi. Apelekwe zahanati apate dawa ya kurudisha maji mwilini, iitwayo ORS, na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Paketi ya lita moja huchanganywa na lita moja kamili ya maji yaliyochemshwa na kupoa, naye hupewa kijiko baada ya kijiko. Dawa iliyobaki baada ya saa 24 imwagwe. Mtu asiidharau kwa kuwa ni chumvi na sukari. Mwaka 1971 Dk. Dilip Mahalanabis aliitumia kwa wakimbizi wenye kipindupindu katika kambi ya Bangaon nchini India, na vifo vikashuka kutoka kama 30 kati ya wagonjwa 100 hadi chini ya 4. Mtoto akishindwa kunyonya, macho yakiingia ndani, akilegea, akitapika kila kitu au akitoa damu, msingoje asubuhi. Tafuteni mtumbwi usiku huo huo.

Akitimiza miezi 6, hapo maji yaliyochemshwa na chakula ni haki yake, na ziwa aendelee nalo hata miaka 2 na zaidi. Muhogo peke yake hautamjenga. Lakini mkoa wetu haukunyimwa: dagaa waliooshwa vizuri na kusagwa, maharage yaliyopondwa, na kijiko cha mawese, ambayo wekundu wake ni dalili ya vitamini A.

Tusiseme watu hawabadiliki. Mwaka 2010 watoto 50 kati ya 100 wa chini ya miezi 6 nchini walikuwa wakinyonya bila kupewa kitu kingine. Mwaka 2022 walifika 64. Hatua hiyo ni kubwa. Hata hivyo 36 wamebaki, na wengi wao wana mama mwenye mapenzi na bibi mwenye huruma.

Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni 2 walikaa vikundi vikundi wakasikiliza redio, kisha wakainuka wakachimba vyoo. Hawakungoja tajiri wa kuwachimbia. Leo balozi wa shina ajua kila nyumba yenye mtoto mchanga. Aende huko. Asiende na hotuba. Amuulize baba maswali mawili: mkeo amekula nini leo, na nani amemtekea maji? Baba asiyeweza kujibu hayo hajaanza bado kumlea mwanawe.