Pima seva ya zahanati kabla ya kubadilisha programu

Mgonjwa ameketi mbele ya daktari. Nambari yake imeandikwa kwenye tarakilishi, na sasa wote wawili wanasubiri faili ifunguke. Sekunde mbili si kitu. Lakini sekunde 20 kwa wagonjwa 100 ni zaidi ya nusu saa ya foleni. Isitoshe, daktari aliyechoka kusubiri anaweza kuandika dawa bila kuona kwamba mgonjwa huyo hudhuriwa na penisilini.

Rekodi za tarakilishi si jambo geni nchini. Kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuzitumia mwaka 2001. Programu ya OpenMRS, iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, huweka habari za wagonjwa katika hifadhidata iitwayo MySQL.

Wengi hudhani kwamba toleo jipya la hifadhidata lazima liwe na kasi zaidi. Sivyo daima. Matoleo mapya huongezewa kazi nyingi, na seva ndogo yenye kumbukumbu haba huenda ikalemewa. Toleo la 8.0 la MySQL, lililotoka mwaka 2018, liliondoa hata sehemu iliyokuwa ikihifadhi majibu ya maswali yaliyokwisha kuulizwa.

Hata hivyo, kung'ang'ania toleo kuukuu si dawa. Toleo la 5.7 liliacha kupata marekebisho ya usalama Oktoba 2023, na siri za wagonjwa zahitaji ulinzi.

Basi msimamizi wa zahanati afanye nini? Apime, hivi:

Kwanza, tengeneza nakala ya rekodi, ukiweka majina ya kubuni badala ya yale halisi. Itie kwenye seva ya aina ile ile.

Pili, badilisha toleo pekee. Ukiongeza na kumbukumbu siku hiyo hiyo, hutajua kilicholeta tofauti.

Tatu, fanya kazi za kila siku: kufungua faili, kutafuta jina, kutoa ripoti ya mwezi. Rudia mara 10, kisha ujaribu meza zote zikiuliza kwa pamoja. Mara ya kwanza huwa ya polepole, kwani habari bado ziko kwenye diski, iandike kando.

Nne, usitazame wastani tu. Andika pia muda mrefu kuliko yote, kwa sababu kuna mgonjwa atakayeusubiri.

Daktari mwangalifu habadilishi dawa bila kumpima mgonjwa. Seva inayotunza faili ya mgonjwa huyo nayo ipimwe.