Saiklopropani: Pete Ndogo Yenye Mkazo Mkubwa

Saiklopropani ni haidrokaboni yenye pete iliyo ndogo kuliko zote: atomu tatu za kaboni zilizoshikana pembetatu, kila moja ikiwa na haidrojeni mbili. Fomula yake ni C₃H₆. August Freund aliitengeneza mwaka 1881.

Ni gesi isiyo na rangi, yenye harufu tamu kidogo, nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu. Huchemka kwenye nyuzijoto -33 za Selsiasi na kuganda karibu na -128. Haiyeyuki sana katika maji.

Vituko vyake vyote vinaanzia kwenye pembe. Vifungo vinne vya kaboni, vikiachwa huru, hutengana kwa digrii 109.5, lakini pembetatu hubana viwili kati ya hivyo hadi 60. Adolf von Baeyer aliueleza mkazo huu mwaka 1885. Elektroni hazikai katika mstari ulionyooka kati ya atomu mbili, bali hubetuka kwa nje kama upinde. Isitoshe, haidrojeni za kaboni jirani hutazamana ana kwa ana, wala hazina pa kukwepea. Jumla ya mkazo huo ni takriban kilojuli 115 kwa moli.

Ndiyo maana pete hukatika kirahisi. Haidrojeni, ikisaidiwa na kichocheo cha nikeli, huigeuza kuwa propani. Bromini nayo huifungua, ila polepole. Pamanganeti ya potasiamu haiigusi, ingawa hupoteza rangi mara moja ikikutana na propeni yenye fomula hiyohiyo. Hapo mwanafunzi wa maabara huzitofautisha.

Mwaka 1929, huko Toronto, Velyien Henderson na George Lucas walitangaza kwamba gesi hii hulaza mgonjwa. Ilifanya kazi haraka, madaktari wakaipenda. Tatizo ni kwamba hulipuka ikichanganyika na hewa, na zaidi ikikutana na oksijeni. Cheche ndogo ya umemetuli ilitosha kuleta maafa chumba cha upasuaji. Halotheni, dawa ya usingizi isiyowaka iliyoanza kutumika mwaka 1956, ilichangia kuiondoa.

Pete yenyewe, hata hivyo, ingali kazini. Imo katika pirethrini, sumu ya wadudu inayopatikana kwenye maua ya pareto yanayolimwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania. Imo pia katika permethrini na deltamethrini, dawa zinazotiwa kwenye vyandarua vya kuzuia mbu.