Funza wa Puani mwa Kondoo na Mbuzi

Mtu apitaye mbugani kati ya Dutwa na Bariadi saa saba mchana, jua likiwa kali, huenda akaona kondoo wamesongamana chini ya mgunga, vichwa chini, kila mmoja ameificha pua yake katika manyoya ya mwenziwe. Wachungaji husema wanakimbia jua. Ni kweli kwa sehemu tu. Pengine wanamkimbia nzi.

Nzi huyo ni wa kijivu, mkubwa kidogo kuliko nzi wa nyumbani. La ajabu ni kwamba hali kitu wala haumi, maana kinywa chake hakifai kwa kazi hiyo. Wala jike hatagi mayai. Mayai huanguliwa tumboni mwake, naye hupita mbio mbele ya pua ya kondoo au mbuzi na kurusha funza walio hai, kila mmoja wa milimita 1 hivi, pengine hata 25 kwa mara moja. Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi, ndiye aliyempa jina la Oestrus ovis mwaka 1758.

Funza hao wana ndoana mdomoni. Hupanda taratibu ndani ya pua mpaka katika matundu ya mfupa wa paji la uso, na huko hula ute na kunenepa hata kufikia sentimita 3. Mnyama hutoa kamasi nzito, mara nyingine zenye damu, hupiga chafya, hupumua kwa shida na kukonda. Funza akikomaa hutoka kwa chafya, hujifukia udongoni, na baada ya majuma machache huwa nzi. Aliyewahi kupasua kichwa cha mbuzi kwa ajili ya supu bila shaka amewaona, na huenda hamu ya supu ilimtoka.

Sasa liko jambo linalowapotezea wazazi wetu fedha. Mbuzi akitoa kamasi na kukonda, hununuliwa dawa ya minyoo ya kunywesha, aghalabu albendazoli. Dawa hiyo huua minyoo ya tumboni, lakini funza wa puani haimdhuru. Imwuayo ni kama ivamektini, sindano ya chini ya ngozi, kwa kipimo cha uzito wa mnyama. Yafaa Bwana Mifugo aitwe, na nyama isiliwe mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa.

Kadhalika, si kila mbuzi azungukaye ana funza. Azungukaye upande mmoja, kichwa kimepinda, wala hana kamasi, huenda ana kifuko cha maji ubongoni, nacho ni mtoto wa tegu wa mbwa. Ugonjwa huo umechunguzwa huko Ngorongoro, ambako Wamasai huuita ormilo. Hapo dawa ya funza ni bure. Mbwa wapewe dawa ya tegu, na kichwa cha mnyama huyo wasitupiwe kamwe. Kichomwe au kizikwe chini sana.

Wachungaji nao wajihadhari, kwani nzi huyu huweza kumrushia mtu funza jichoni. Jicho huwa jekundu na kuwasha kama lililoingiwa na mchanga. Funza hawakui ndani ya mwanadamu, ila hushikilia kwa ndoana zao. Kwa hiyo jicho lisisuguliwe, na mtoto apelekwe zahanati siku ile ile wakatolewe mmoja mmoja.