Motokaa Kuukuu: Tazama Hati Kwanza, Injini Baadaye

Mkulima aliyelipwa fedha za kahawa au za majani chai, na karani aliyekopa katika chama cha akiba na mikopo, mara nyingi huwa na haja moja: kupata motokaa. Iliyo mpya kabisa ni ghali mno, kwa hiyo hutafuta iliyokwisha kutumiwa. Hilo si jambo la aibu. Magari mengi yaendayo katika barabara za Kenya yaliendeshwa kwanza huko Japani, kisha yakashushwa Mombasa na kuuzwa hapa nchini. Hasara humpata yule anunuaye rangi badala ya gari.

Watu wengi wafikapo mbele ya gari hukimbilia kufungua boneti. Huko ni kuanzia mwisho. Injini mbovu yaweza kutengenezwa kwa fedha, lakini gari lisilo mali ya muuzaji hakuna fundi awezaye kulitengeneza. Siku polisi watakapolichukua, au mwenye kudai atakapokuja na karatasi zake, mnunuzi atabaki na ufunguo mkononi na deni la chama mgongoni.

Basi, ndugu msomaji, mwombe muuzaji akuonyeshe hati ya umiliki, yaani logibuku, pamoja na kitambulisho chake. Jina na liwe lile lile. Kisha tafuta nambari ya chasisi iliyopigwa katika chuma cha gari, uilinganishe na ile ya hati, tarakimu kwa tarakimu. Na nambari ya injini vivyo hivyo. Ukiona chuma kimekwaruzwa au kuchomelewa mahali hapo, rudi nyumbani. Lakini usishtuke ukiona nambari ni fupi: magari yaliyoundwa kwa soko la Japani hayafuati ule utaratibu wa herufi na tarakimu 17 utumikao Ulaya na Marekani.

Usiridhike na karatasi peke yake, maana karatasi hughushiwa. NTSA, idara ya serikali iandikishayo magari, hutoa kwa malipo taarifa ya gari na mwenyewe. Tena, kwa sheria ya mwaka 2017 juu ya dhamana za mali inayohamishika, liko daftari la serikali ambamo wakopeshaji huandikisha mali waliyowekewa rehani. Gari laweza kuwa rehani huku mwenyewe akiliendesha kila siku.

Hati zikiwa safi, litazame gari lenyewe mchana, likiwa kavu, kwa kuwa maji huficha mikwaruzo. Sumaku ndogo itakusaidia: mahali penye chuma itashika, na mahali palipozibwa mabonyeo kwa dawa ya mafundi itaanguka. Inua zulia uangalie kutu na matope. Tairi lina tarakimu 4 ubavuni zionyeshazo lilipoundwa. 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi lililolika upande mmoja ladokeza kwamba magurudumu hayakunyoka. Na kama mita yaonyesha kilomita chache, lakini mipira ya kukanyagia breki imelika kabisa, amini mipira.

Sasa injini. Mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika, kwani injini yenye moto huficha ugonjwa wake. Chomoa kijiti cha kupimia oili: ikiwa oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yamechanganyika nayo. Washa, kisha utazame moshi. Wa samawati ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli kupita kiasi. Mweupe usiokoma hata injini ikisha pata moto ni dalili ya maji kuingia ndani. Halafu liendeshe gari mlimani na katika barabara ya changarawe, usikilize. Breki zisivute upande.

Kwa kazi hii chukua fundi wako mwenyewe, umlipe wewe. Fundi aliyeletwa na muuzaji hula katika sahani ya muuzaji.

Mwisho, usitumie fedha zako zote katika bei. Bima ni lazima kwa sheria, na gari kuukuu halikosi kudai kitu katika miezi ya kwanza. Mapatano yaandikwe mbele ya mashahidi, fedha zipite benki, na uhamisho wa jina ufanywe mara moja.

Muuzaji akikuambia kwamba yuko mtu mwingine ajaye jioni na fedha taslimu, mwachie huyo mtu alichukue. Magari ni mengi, lakini fedha za mavuno ya mwaka mzima haziji mara mbili. Mwenda pole hajikwai.