Una cheti cha kompyuta? Hebu tuone!

MWAKA 1998 nilikosa kazi ya ukarani hapa Dar es Salaam kwa sababu ya panya. Usicheke, msomaji wangu. Si panya wa darini, ni kale kadude ka kusogezea mshale kwenye kompyuta. Taipureta nilikuwa naipiga kama mvua, lakini siku ya usaili mshale ulikimbilia kushoto, mimi nikakimbilia kulia. Kijasho chembamba kikanitoka. Bosi akasema, "Dada, tutakuita." Hadi leo sijaitwa!

Kisa hicho kilinirudia majuzi Kariakoo. Shoga yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa anatafuta karani, akaniomba nikae naye kwenye usaili. Wakaja vijana watatu. Wawili wana vyeti vya kompyuta, vinang'aa kwa laminesheni. Wa tatu, kijana wa Mbagala, cheti hana. Alikuwa akichapa na kutoa fotokopi kwenye kibanda cha stesheneri.

Shoga hakuuliza maswali ya darasani. Aliwapa kazi tatu: jumlisha mauzo ya siku kwenye Excel, mtumie mteja proforma kwa barua pepe, halafu toa risiti ya EFD.

Wa kwanza alijumlisha kwa kalkuleta pembeni, ndipo akaandika jibu kwenye Excel. Jamani! Wa pili barua pepe aliituma chapuchapu, ila proforma yenyewe aliisahau. Na simu anayo ya maana kuliko yangu, WhatsApp vidole vinakimbia. Kumbe kuchati ni kitu kingine na kazi ni kitu kingine.

Yule wa Mbagala alikwenda taratibu, kazi mbili akamaliza. Kwenye EFD akasimama. "Mama, hii sijawahi kuishika. Nionyeshe mara moja, sitaki kubahatisha."

Akalamba kazi.

Nilishangaa, nikamuuliza shoga mbona kamchukua aliyekiri hajui. Akacheka. Tangu mashine hizo zianze kutumika nchini mwaka 2010, risiti ikishatoka, mauzo yamehesabika mbele ya TRA. Karani akiongeza sifuri moja, laki imekuwa milioni, na tajiri ndiye anayehangaika kusahihisha. "Anayezuga ndiye atakayenifilisi," alisema. "Anayeuliza namfundisha siku mbili, basi."

Nikatafakari. Enzi zetu tulikariri WordPerfect na Lotus 1-2-3. Leo ofisi gani inazitaja? Programu huja na kupita. Tajiri anamtaka mtu ambaye mkono wake hauogopi mashine, na mdomo wake hauogopi kuuliza.

Kwa hiyo wewe unayesaka kazi ya kwanza, leo jioni jitumie barua pepe yenye faili, uone kama inafika na faili lake. Jumlisha matumizi ya nyumbani kwenye Excel, hata kwa kompyuta ya kuazima.

Mimi panya nilikuja kumzoea hivyo hivyo, kwa kuazima. Cheti kipeleke, sawa. Lakini usiuache mkono nyumbani.